Buni na siga hazilali kabati moja

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mstaafu wa JWTZ, naishi nje kidogo ya Chake Chake. Tangu nistaafu nauza kahawa kama kazi ya pembeni. Kila wiki mbili nanunua buni kilo 10, nakaanga mwenyewe kwenye karai, na mke wangu hunisaidia kufunga mifuko ya robo kilo. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sasa hoteli moja imenirudishia mzigo mara mbili, wanasema kahawa inanuka kama kabati la zamani. Mimi nikiionja sisikii kitu. La pili: kilo 10 zinatakiwa zitoe mifuko 40, lakini hazivuki 33 au 34, na anayepima ni mpwa wangu. La tatu: nilipokuwa Lebanon kwenye ulinzi wa amani nilijifunza kuvuta siga, zile nene za majani matupu ya tumbaku, na mpaka leo navuta moja au mbili kwa wiki, jioni, barazani, kahawa ikiwa inapoa kwenye ungo. Rafiki yangu huniletea za Cuba na za Nicaragua. Naziweka pamoja na mifuko ya kahawa kwa sababu ndilo kabati pekee lenye kufuli. Nafikiria kuanza kuwauzia watalii siga pamoja na kahawa. Unanishauri nini? Na siga gani inakwenda na kahawa gani?"

Jibu:

Waalaykum salaam, afande. Nianze na la mpwa wako, maana humo mna haki ya mtu na mengine yanaweza kungoja.

Kijana hakuibii. Buni iliyokauka vizuri bado ina maji ndani yake, kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Ukiitia kwenye karai maji hayo yanaondoka karibu yote, halafu joto likizidi na vitu vingine vya ndani ya punje vinageuka hewa na kupotea, na lile ganda jembamba linapeperuka na upepo. Ukikaanga kwa wastani unapoteza kiasi cha asilimia 15 au 16. Ukiipeleka mpaka ikawa nyeusi inayong'aa mafuta, unaweza kupoteza hata 20. Kwa hiyo kilo 10 zako zinarudi kilo 8 na nusu hivi, na 8 na nusu ukizigawa kwa robo unapata mifuko 34. Siku unayopata 33 ni kwamba moto ulikuwa mkali zaidi, au nyumbani mmeonja. Kama ulishamtupia neno, mwite umtake radhi, tena mbele ya mke wako ikiwa naye alisikia.

Hesabu hiyo ina mkia, na mkia wenyewe unakuuma wewe. Tuseme buni umenunua shilingi 10,000 kwa kilo. Ukidhani utatoa mifuko 40, unaona kila mfuko umekugharimu 2,500. Kwa mifuko 34, kila mmoja umekugharimu 2,941, na hapo hujahesabu makaa, mfuko wenyewe, nauli ya mzigo wala jasho lako. Nimewaona watu wengi wakiuza kahawa mwaka mzima na kushangaa fedha inakokwenda. Inakwenda na moshi wa karai.

Sasa harufu.

Wewe ni mtu wa Pemba, kwa hiyo sihitaji kukueleza mambo kwa kemia. Msimu wa karafuu, nyumba ambayo imewekwa magunia ya karafuu chumba cha ndani, weka humo gunia la mchele siku tatu kisha upike. Mchele utanuka karafuu, na hakuna mtu aliyeutia kitu. Kahawa ni mbaya kuliko mchele mara nyingi. Ikishakaangwa punje inakuwa na vitundu vitundu ndani kama sifongo, na ina mafuta. Vile vitundu vinavuta harufu iliyo hewani, mafuta yanaishika, na ikishashikwa haitoki. Mtu akisaga asubuhi akamwagia maji ya moto, harufu yote inapanda kwa pamoja. Mteja wako wa hoteli hakukosea: alichosikia ni majani ya tumbaku yaliyokaa gizani pamoja na mbao. "Kabati la zamani" ni maneno ya mtu mwenye pua nzuri ambaye hakuambiwa kwamba humo mna siga.

Utaniambia mifuko imefungwa. Ile mifuko myembamba ya plastiki tunayoipata dukani inazuia vumbi na sisimizi, lakini haizuii harufu. Fanya jaribio: tia kitunguu thomu kilichopondwa ndani ya mfuko huo, uufunge vizuri, uuache mezani usiku mmoja. Asubuhi utajua.

Lakini kabati ni mshitakiwa wa pili. Wa kwanza umemtaja mwenyewe kwa maneno matano tu, kama jambo la kupita: "kahawa ikiwa inapoa kwenye ungo." Afande, unakaa barazani unavuta siga pembeni ya buni inayopoa! Punje ikitoka kwenye karai imetanuka kwa joto. Ikitandazwa kwenye ungo, vitundu na mafuta yake viko wazi kushika harufu ya hewa ya nje. Na ya nje, jioni hiyo, ni moshi wa Cuba. Hata ungekuwa huna kabati kabisa, mzigo ule ungerudi.

Kwa nini wewe husikii? Pua haina kumbukumbu ndefu kwa kitu kinachokaa nayo kila siku. Wavuvi hawasikii dagaa. Mvutaji hasikii tumbaku kwenye kanzu yake, kwenye ndevu zake, kwenye vidole vyake, na kwa hiyo haisikii kwenye kikombe. Tena moshi wa siga hubaki mdomoni, hauvutwi mpaka kifuani kama wa sigara, na ulimi unakaa umefunikwa nao saa nyingi. Mimi nilipokuwa najifunza kuonja kahawa kule Moshi, mwalimu wetu alitutoa chumbani asubuhi moja, watu wawili, mmoja kwa kuvuta sigara na mwingine (mimi) kwa kujipaka udi. Hakuuliza nani ana haki zaidi.

Kwa hiyo usionje peke yako. Tafuta mtu asiyevuta, mke wako ndiye wa karibu, na mfanye hivi. Saga kahawa mbili: moja iliyokaa kabatini, moja uliyokaanga jana na kuiweka mbali na kila kitu. Chukua vikombe vitatu vilivyo sawa. Viwili vitie kahawa moja, kimoja nyingine, gramu 8 kila kikombe kwa mililita 150 za maji ambayo yamechemka na kuachwa kidogo yakatulia. Ngoja dakika nne, vunja povu la juu kwa kijiko huku unanusa, kisha acha ipoe. Asijue kipi ni kipi. Muulize kipi ndicho mgeni kati ya vitatu. Rudieni mara tano siku tofauti, andika daftarini. Akipatia mara nne au tano, una jibu. Kahawa mbovu inajificha ikiwa ya moto, ikipoa inajitaja yenyewe, basi asiwe na haraka.

Mzigo uliorudishwa usijaribu kuuokoa. Najua mkono utakwenda kwenye iliki na tangawizi, kwa sababu kwetu viungo vimefunika mengi. Havitafunika hili, utapata kahawa inayonuka kabati lenye iliki. Mwaga kwenye migomba.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndipo kiini kilipo. Kahawa na siga watu huziona kama ndugu: zote rangi moja, zote zina harufu nzito, zote zinatoka nchi za joto, zote za watu wazima waliokaa. Katika kinywa ni kweli ni ndugu. Katika kuhifadhiwa ni maadui kabisa, kwa sababu moja inataka hewa kavu na nyingine inataka hewa yenye maji.

Siga nzuri imeviringwa kwa mkono, majani matupu ya tumbaku kuanzia ndani mpaka nje, bila karatasi. Jani likikauka linapasuka, mafuta yake yanapotea na moshi unachoma ulimi. Ndiyo maana huwekwa kwenye sanduku la mwerezi wa Kihispania, mti ambao licha ya jina si mwerezi, ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Unyevu wa hewa ndani yake hutakiwa uwe asilimia 65 hadi 70 hivi. Watu wa Ulaya wanahangaika kuongeza maji kwenye masanduku yao. Sisi hewa yetu yenyewe mara nyingi inavuka kiwango hicho bila kuombwa, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo kule Chake siga zako hazifi kwa ukavu, zinakufa kwa kushiba maji: zinavimba, ganda linachanika, moto unakwenda upande mmoja, na siku moja unakuta ukungu mweupe.

Buni nayo ikivuta maji mpaka ikapita asilimia 12 au 13 inaanza kufifia rangi na kuota ukungu, na kuna ukungu unaoacha sumu ambayo karai haiimalizi. Iliyokaangwa inalainika na kuchacha mapema. Kabati lako basi, hata ukilitengeneza vipi, litamuumiza mmoja kumfurahisha mwingine.

Na kuna mdudu. Mdogo, wa hudhurungi, milimita 2 au 3, anajikunja kichwa kama anayesujudu. Huyu huishi kwenye tumbaku, mayai yake huweza kuja nayo tangu ghalani, na joto likivuka nyuzi 24 au 25 anaangua upesi. Sisi joto letu liko hapo usiku. Utamjua kwa vitundu kama vya sindano kwenye siga na unga mwembamba chini yake. Ubaya wake kwako ni kwamba hali tumbaku peke yake: tangawizi kavu, pilipili, giligilani, nafaka, vyote kwake ni futari. Ukiwa na kopo la tangawizi ya kahawa kwenye kabati hilo hilo, limwage mezani leo uliangalie.

Dawa ni rahisi. Siga zikifika, zifunge kwenye mifuko miwili yenye kufunga kabisa, zitie friza siku tatu, kisha friji ya kawaida siku moja, kisha nje, bila kufungua mfuko mpaka zimepata joto la chumba. Ukiharakisha zitapasuka. Baada ya hapo ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, pamoja na ile pakiti ya kusawazisha unyevu inayoandikwa 65 au 69. Mwombe rafiki yako akuletee pakiti hizo badala ya siga mbili. Tia na kipima unyevu kidogo ndani. Usikiamini kabla hujakipima: chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya jikoni, iloweshe iwe kama uji mzito, weka pamoja na kipima ndani ya mfuko uliofungwa, uache usiku kucha. Chumvi hiyo huweka hewa kwenye asilimia 75, kwa hiyo kipima kikisema 70 unajua kinadanganya kwa 5. Chombo hicho kikae chumba cha kulala, sebuleni, popote unapotaka, ila si chumba cha kahawa. Kufuli nunua jingine. Mtu aliyelinda ghala la jeshi hashindwi kulinda makabati mawili.

Kahawa nayo. Buni mbichi iache kwenye gunia lake, lakini gunia liingie ndani ya mfuko mzito wa plastiki wa kuhifadhia nafaka, na likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Muulize anayekuletea ilisafirije. Buni ya Mbozi au Mbinga inapita lori mpaka Dar, boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Pemba, na katika safari hiyo inaweza kulala pembeni ya vitunguu, ngozi au madumu ya dizeli. Nimewahi kupokea gunia lililonuka mafuta ya taa kiasi kwamba niliogopa kulikaanga. Ukipokea, fungua mahali pakavu, tia mkono mpaka kiwiko, toa punje za katikati, nusa. Kama ipo harufu, irudishe siku hiyo hiyo, usiibebe kwa aibu.

Kukaanga, endelea na karai. Sina ugomvi na karai, ila lina tabia ya kuunguza nje na kuacha ndani mbichi, kwa hiyo moto wa makaa uwe wa wastani na mkono usisimame. Ikifika karibu nyuzi 200 punje zinaanza kupasuka kwa sauti, kama bisi. Kwa ajili ya hoteli, ngoja sauti hiyo imalizike, hesabu dakika moja au mbili, epua. Kwa ajili ya baraza, nenda mpaka unapokaribia mpasuko wa pili, ule wenye sauti nyembamba kama mtu anakanyaga majani makavu. Ukishaupita huo unauza mkaa. Mimina kwenye ungo mara moja, pepeta maganda, washa feni, ipoe ndani ya dakika nne au tano. Mbali na baraza, mbali na siga, na mikono imeoshwa kwa sabuni isiyo na manukato.

Kisha usiifunge papo hapo. Kahawa iliyokaangwa inatoa hewa ya ukaa siku kadhaa. Ukiibana kwenye mfuko usio na pa kutolea, mfuko unafura kama chura. Iache siku moja kwenye ndoo safi yenye mfuniko, kisha ifunge kwenye mifuko ya foili yenye kijitundu cha kutoa hewa bila kuingiza. Ni ghali, najua. Kwa hoteli utalazimika, kwa baraza si lazima. Punje nzima zinabaki na uzuri wake wiki tatu au nne. Ikishasagwa, kwa hewa yetu hii, siku chache tu.

Nimetaja hoteli na baraza kama vitu viwili kwa sababu ni viwili, na nadhani umekuwa ukizitengenezea kahawa moja. Hoteli inataka buni ya aina ya arabika, imekaangwa kati na kati, haina kiungo ndani, kila mzigo unafanana na uliopita. Baraza inataka kahawa chungu, nzito, inayochemshwa kwenye dele na kukaa juu ya makaa saa nzima bila kuharibika, na hapo aina ya pili, robusta ya Bukoba, ndiyo mwenyewe. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake unasimama mbele ya tangawizi na iliki bila kupotea. Tena huwa bei yake ni ya chini. Kule Kagera watu waliitafuna buni hiyo, imechemshwa na viungo na kukaushwa, muda mrefu kabla ya kufikiria kuinywa, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia ni kahawa ya daraja la pili. Inategemea unaipeleka wapi.

Na kama ningekuwa wewe, ningeacha kuihangaikia hoteli moja na kutazama vikombe vidogo. Muuza kahawa anayetembea na dele lake na vikombe vinavyogongana anahitaji kahawa mpya kila siku, na mara nyingi ananunua dukani unga usiojulikana umri. Ukimpatia unga uliosagwa jana, kilo moja moja, atarudi. Hitima, arusi, maulidi, msiba: pote pananywewa kahawa, pote anatafutwa mtu wa kuagizwa haraka bila maneno mengi. Mwezi wa Ramadhani biashara inahama kwenda usiku. Mchana huna mteja, baada ya tarawehe hutoshi. Kaanga mzigo wa Ramadhani wiki moja kabla, si mwezi mmoja kabla kama wafanyavyo wengi kwa kuogopa bei, na ongeza robusta. Hoteli ikirudi, iwe ni nyongeza.

Ukifunga kahawa na kuipa jina lako unakuwa umeingia kwenye chakula cha kufungwa, kwa hiyo pita ZFDA (wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar) kwa usajili na ZBS (taasisi ya viwango ya Zanzibar) kwa viwango kabla hawajapita kwako. Andika kwenye mfuko tarehe uliyokaanga. Wanajeshi hupenda kuandika tarehe, hiyo haitakuwa kazi.

Kuhusu kuwauzia watalii siga, nasema usifanye. Kwanza tumbaku inayotoka nje ina ushuru wake, na siga anazoleta rafiki kwenye begi kwa matumizi yako zinakuwa kitu kingine siku unapoziwekea bei. Mtu mwenye pensheni ya serikali hana sababu ya kuwa na kesi ya forodha. Pili, siga za Cuba zinaghushiwa mno. Sanduku halisi lina stempu ya kijani ya dhamana ya serikali ya Cuba, na chini yake pamechomwa maneno ya kuonyesha limetengenezwa Cuba na kwamba kazi yote ni ya mkono, lakini hata hayo yanaigwa, na mtalii anayezijua siga atakugundua wewe kabla wewe hujamgundua aliyekuuzia. Tatu, na hili ndilo zito, mteja wako wa kahawa anataka kuamini kwamba mikono yako ni safi. Ukimtolea siga na kahawa kutoka mkoba mmoja, umemwambia mwenyewe harufu ile ilitoka wapi.

Sasa burudani yako. Sitakuficha: mimi nilivuta miaka kadhaa, nikaacha, na bado nikisikia harufu ya siga nzuri nageuka. Wazee wa mjini wanakumbuka makomredi, vijana wa siasa za mrengo wa kushoto, waliokwenda kufunzwa Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakarudi na ndevu na kofia na "Venceremos" yao, yaani "tutashinda", kwa hiyo moshi huo si mgeni sana visiwani. Lakini usijidanganye kwamba kwa kuwa humezi moshi basi wewe huko hatarini. Moshi wa siga hauna haja ya mapafu. Nikotini yake inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani zake ni za mdomo, ulimi, koo na umio, na hata mapafu hayasalimiki. Moja au mbili kwa wiki si sawa na tatu kwa siku, ila si sifuri pia. Ukiona kidonda mdomoni ambacho hakijapona wiki tatu, nenda hospitali, usikitibu kwa asali. Na usivutie ndani ya nyumba yenye watoto.

Kama bado utavuta, basi kwa mpango. Siku za siga ziwe tofauti na siku za kukaanga na kufunga. Kuonja kufanyike asubuhi kabla ya kitu chochote kingine, siga iwe jioni ya siku ambayo kazi imekwisha, nguo nyingine, mikono mingine kwa maana ya sabuni.

Kuoanisha nitakupa kanuni moja na upendeleo wangu. Uzito ukae na uzito. Siga nyepesi ya ganda la hudhurungi hafifu, kama zile zinazotumia jani jepesi la Connecticut, Marekani, inazama kabisa mbele ya kahawa ya baraza. Ipe arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kati, inywewe bila sukari. Za Nicaragua, hasa za upande wa Estelí, zina pilipili na udongo, nazo zinaweza kusimama na robusta chungu. Za Cuba zina uzito wa kila namna, lakini nyingi ni za kati, na kwangu mimi mwenzake bora ni ile kahawa uliyoionja kule Lebanon: imesagwa laini kama poda, imechemshwa na iliki peke yake. Wewe utakuwa unaijua kuliko mimi.

Tangawizi iache siku hiyo. Inawaka, tumbaku inawaka, na viwili vikikutana huonji chochote isipokuwa moto. Karafuu ndiyo kabisa, na nasema hivi kwa Mpemba nikijua ninachokisema: mafuta ya karafuu hutia ganzi, ndiyo maana waganga wa meno wanayatumia, na ulimi wenye ganzi hauna cha kuoanisha. Kipande cha haluwa ya Wete baada ya siga, sawa. Kabla yake, hapana, utamu unaifanya siga iwe chungu. Maji ya kunywa yawepo pembeni.

Kabati lenyewe, toa kila kitu, lipanguse kwa kitambaa chenye siki, lianike juani siku mbili milango wazi, kisha tia humo bakuli la ile kahawa iliyorudishwa, kama hujaimwaga yote, likae wiki moja. Kahawa inavuta harufu, tumeshakubaliana, basi ivute ya mbao. Baada ya wiki mtie mke wako kichwa ndani anuse. Akisema bado, usilitumie tena kwa kahawa, lifanye la siga.

Mzigo utakaoukaanga baada ya hapo, siku utakayopanda boti kuja Unguja niletee robo kilo ya punje nzima, yenye tarehe. Nitaionja na kukupigia siku hiyo hiyo. Ila usiibebe kwenye begi lililowahi kubeba siga, maana nitajua.